Safu Niliyoiacha Tupu

Kaunta buku la zahanati yetu lilikuwa na safu nane. Nilizipiga mwenyewe kwa rula na kalamu ya bluu kila tulipofungua daftari jipya: tarehe, jina, umri, jinsi, kijiji, ugonjwa, dawa, na ile ya pembeni kabisa, nyembamba, ambayo juu yake niliandika "Maelezo mengine". Ilikuwa mwaka 1982. Nilikuwa na miaka 23, mganga msaidizi vijijini niliyetoka chuoni juzi tu, nimepangiwa zahanati ya mwambao wa Ziwa Victoria, kaskazini mwa mji wa Bukoba. Mkaguzi alipokuja alilifunua lile daftari ukurasa kwa ukurasa, akaniambia, "Kijana, daftari lako safi." Nilifurahi siku nzima. Lilikuwa safi kweli: safu ya nane haikuwa na neno tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kila mwisho wa mwezi nilikaa na karatasi ya kujumlisha nikachora vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimelala juu yake. Malaria, kuhara, surua, minyoo, kichomi, vidonda. Kila ugonjwa ulikuwa na mstari wake uliokwisha kuandikwa, kazi yangu ikawa kujaza. Karatasi niliitia katika bahasha ya kaki, nikampa kondakta wa basi, naye akaifikisha wilayani siku aliyojaliwa. Kutoka wilayani ilikwenda mkoani, na kutoka mkoani ikaenda Dar es Salaam. Miaka yote niliyokaa pale sikupata hata barua moja ya kunieleza tarakimu zangu zilisema nini zilipokutana na za wenzangu. Nilijua hesabu ya wagonjwa hupanda juu. Kwamba ingeweza pia kwenda pembeni, ikavuka maji hadi kwa jirani, sikufikiri, wala hakuna aliyenifundisha.

Wagonjwa wale walianza kuja mmoja mmoja. Kwanza walikuwa vijana wa kiume, wenye viatu vizuri na saa mkononi, watu wa magendo. Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, bidhaa zilikuwa adimu pande zote mbili, na mitumbwi ilivuka usiku kwenda na kurudi. Kijana aliyeondoka na mzigo alirudi na fedha. Kisha akakonda. Aliharisha wiki, akaharisha mwezi, kinywa kikajaa utando mweupe, mkanda wa jeshi ukamzunguka ubavuni, homa ikapanda jioni na kushuka alfajiri. Nilimpa maji ya chumvi na sukari, nikampa vidonge tulivyokuwa navyo, akaondoka akishikilia ukuta. Akaja wa pili, akaja wa tano, wakaja na wake zao. Wote, mwisho wa mwezi, waliingia kwenye mstari wa kuhara. Kijiti cha mtoto aliyekula embe bichi na kijiti cha mwanamume aliyekuwa anakufa vilikuwa na urefu mmoja.

Kulikuwa na mzee mvuvi aliyekuja mara kwa mara kufungwa kidonda cha mguu. Siku moja asubuhi, benchi likiwa tupu, alikaa baada ya kufungwa wala hakuondoka.

"Mwanangu," akaniambia, "huu ugonjwa wa vijana wetu, ng'ambo nako upo."

"Ng'ambo ipi, mzee?"

"Kasensero. Nimelala kule siku tatu. Wanazika kama tunavyozika sisi. Wanakonda vilevile, wanaharisha vilevile. Na unajua wanasema nini? Wanasema tumewaroga sisi. Eti wafanyabiashara wa Tanzania walidhulumiwa mali yao, wakarudi na dawa ya kulipiza."

Kasensero ni kijiji cha wavuvi upande wa Uganda, pale Mto Kagera unapomwaga maji yake ziwani, katika wilaya iliyoitwa Rakai. Nilimjibu yule mzee kwamba sisi huku tulisikia kinyume chake. Kijijini kwetu ugonjwa ulikwisha kupewa jina la Juliana. Juliana ilikuwa nguo, kitambaa kilichovuma wakati ule, kikavushwa kutoka Uganda kwa magendo, na kila binti akatamani kukivaa. Walioanza kuugua walikuwa wale waliokileta na wale waliokivaa, hivyo watu wakasema ugonjwa umekuja ndani ya nguo. Waganda wao, kwa kuwa mgonjwa alikwisha mwili, waliuita Slim. Ugonjwa mmoja, ziwa moja, majina mawili, na kila upande ukimnyooshea mwenzake kidole.

Yule mzee aliniangalia kwa muda. "Sasa wewe ndiye msomi," akasema. "Andika."

Nikaandika: kidonda, mguu wa kushoto, kimesafishwa na kufungwa. Safu ya nane nikairuka, kwa sababu maneno ya mvuvi yalikuwa tetesi, na chuoni tulifundishwa kwamba tetesi hazina mahali katika taarifa.

Nimeishi na asubuhi ile kwa zaidi ya miaka 40. Baadaye niliposoma jinsi mambo yalivyokwenda kwingineko, ndipo nilipoelewa uzito wake. Tarehe 5 Juni 1981, jarida dogo la kila wiki la mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani lilichapisha habari ya vijana 5 wa Los Angeles waliougua nimonia isiyo ya kawaida. Watu 5 tu. Lakini waliandikwa mahali ambapo daktari wa mji mwingine angeweza kusoma na kusema, "Hata mimi ninaye mmoja wa namna hii." Ndivyo dunia ilivyoanza kuufahamu Ukimwi. Kasensero na mwambao wetu mwaka uliofuata walikuwa wakifa watu wengi kuliko hao, na wanakijiji walikwisha kuutambua ugonjwa kwa dalili zake, njia yake na watu wake. Walichokosa ni mtu wa kuyachukua maarifa hayo na kuyatia mahali yanaposomeka. Mtu huyo, kwa upande wetu, nilikuwa mimi.

Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa katika mkoa wetu wa Kagera. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao walichapisha katika jarida la Lancet la Uingereza kwamba ule ugonjwa wa Slim wa Rakai ulihusiana na kirusi kilekile kilichokwisha kutambuliwa Ulaya na Marekani. Kufikia mwisho wa mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Hesabu hapo: kutoka watu 3 wa mkoa mmoja hadi nchi nzima, miaka 3.

Sisemi kwamba mstari mmoja wa kalamu ya bluu ungeuzuia ugonjwa ule. Dawa hazikuwapo, na kipimo cha damu kilianza kupatikana mwaka 1985. Isitoshe, kanuni za afya za kimataifa za wakati huo zililazimisha nchi kutangaza magonjwa matatu tu: kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Ugonjwa usio na jina haukudaiwa na mtu. Lakini miaka mitatu au minne ya kujua kwamba Juliana na Slim ni kitu kimoja, kwamba unafuata njia ya biashara na kitanda cha mtu na mwenziwe, ingetutoa kwenye uchawi na nguo mapema. Watu walipoteza muda huo wakilaumiana. Nguo zilichomwa moto. Vikongwe walisingiziwa.

Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden walipima damu za watu wazima mkoani Kagera, na kwa mara ya kwanza nikaona tarakimu za nyumbani kwetu zimekaa pamoja kwenye ukurasa mmoja. Bukoba mjini, asilimia 24.2 walikuwa na virusi, yaani karibu mtu 1 kati ya 4. Bukoba vijijini na Muleba, asilimia 10. Karagwe, asilimia 4.5. Ngara na Biharamulo, mbali na mpaka wa Uganda na magendo yake, asilimia 0.4. Nilitazama orodha ile kwa muda mrefu. Ilikuwa ramani. Kila mvuvi wa Kasensero angeweza kuichora miaka mitano kabla, kwa kijiti mchangani, kama angeulizwa.

Na sisi Wahaya huzika nyumbani, ndani ya kibanja, kati ya migomba. Anayetaka kujua miaka ile ilituchukulia nini haendi makaburini, anatembea shambani. Katika kibanja cha jirani yangu kuna makaburi 6 ya ndugu wa tumbo moja, na mama yao aliwalea wajukuu 9 kwa kahawa na senene mpaka wakaenda shule. Ramani ile ya asilimia ilipotoka, wanne kati ya wale 6 walikwisha kulala.

Hesabu zilipoanza kufanya kazi yake, zilisaidia. Bukoba mjini ilipopimwa tena mwaka 1996, asilimia 24.2 ilikuwa imeshuka hadi 13.3. Uganda nayo ilisema wazi mbele ya dunia mwaka 1986 kwamba ina Ukimwi, wakati nchi nyingi zilikuwa bado zinaona aibu, na kule pia kiwango kikashuka katika miaka ya 1990. Watu walioambiwa ukweli wa kijiji chao kwa tarakimu walibadilika. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na ndiyo sababu sina uvumilivu na mtu anayeniambia kwamba takwimu huwatia watu hofu.

Sasa twende mwaka 2023. Nimestaafu, nipo nyumbani Bukoba vijijini. Mwezi Machi kukaja habari kwamba kata za Maruku na Kanyangereko kuna watu wanakufa kwa homa, kutapika na kutokwa damu. Tarehe 16 Machi Serikali ilitangaza kwamba kuna ugonjwa usiojulikana. Tarehe 21 Machi waziri wa afya alisimama akautaja: Marburg. Siku 5. Nilikaa kwenye kiti changu barazani nikaanza kulia, na mjukuu wangu akadhani ninaogopa.

Kijana wa afya ya jamii alipita kwenye nyumba za waliowagusa wagonjwa, kila siku, siku 21, akipima joto na kuandika kwenye simu. Nilimwomba anionyeshe. Aligusa kioo mara mbili tatu, akaniambia, "Babu, imeshafika Dodoma." Wakati huohuo Guinea ya Ikweta, upande wa pili wa bara, nayo ilikuwa imetangaza Marburg tangu Februari, na wataalamu waliweza kulinganisha virusi vya huku na vya kule wakaona milipuko ile haikuzaana. Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya walikwisha kupata habari kabla hajavuka mgonjwa hata mmoja. Watu 9 waliugua, 6 walikufa, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Kila mmoja wa wale 6 ana watu wake, wala siwafanyi wachache. Ila najua vijiji vyetu huhesabu namna gani pale habari inapochelewa.

Hata jina lenyewe lina somo. Marburg ni mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara za Marburg, Frankfurt na Belgrade waliugua baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Waliugua watu 31, wakafa 7. Kirusi kilitoka kwetu, kikapata jina la kule, kwa kuwa kule ndiko alikokuwapo mwenye kalamu na darubini. Ni nani ajuaye ni mara ngapi kabla ya hapo kiliwaua watu wa pande hizi wakaandikwa "homa"?

Kati ya daftari langu na simu ya yule kijana kuna kazi kubwa ya watu wasiotajwa. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ilikuja miaka ya 1990 na vitabu vyake, tukaacha kupiga mistari kwa rula. Mwaka 1998 nchi za Afrika zilikubaliana kufuatilia magonjwa kwa utaratibu mmoja, kutoka kijijini hadi taifa. Mwaka 2000 nchi za Afrika Mashariki zilianzisha mtandao wao wa kupashana habari za magonjwa. Kanuni za kimataifa ziliandikwa upya mwaka 2005, zikaanza kazi 2007, na sasa tukio lolote linaloweza kuitisha dunia, lenye jina au lisilo na jina, linapaswa kutolewa habari ndani ya saa 24 baada ya kutathminiwa. Na katika maneno ya leo kuna "ufuatiliaji wa matukio", ambamo tetesi za mvuvi zina fomu yake. Nilipoisoma fomu hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka yule mzee. Alikwisha kufariki zamani.

Hata hivyo mfumo mzuri unaweza kufungwa mdomo kwa neno moja. Mwaka 2020, wakati wa Uviko, nchi yetu ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka tarakimu hizo hazikusogea. Ugonjwa haukusimama nazo. Kilichotokea ni kwamba majirani walituhesabia. Madereva wetu wa malori walipimwa mipakani, wakasubiri majibu siku nyingi ndani ya magari yao, na Watanzania waliokutwa na virusi wakatangazwa kwenye taarifa za nchi nyingine. Nilipowaona kwenye televisheni nilirudi kwa fikra kwenye habari za Kasensero za mwaka 1982: tusiposema wenyewe, jirani hubaki na anachokiona na anachokidhania, na kwa kawaida anachokidhania ni kibaya zaidi.

Na hata tunaposema, tunaweza kuchelewa. Mwezi Januari 2025 Marburg ilirudi Kagera, safari hii Biharamulo, wilaya ileile iliyokuwa na asilimia 0.4 kwenye ile ramani yangu ya 1987. Serikali iliitangaza tarehe 20 Januari. Waliohesabiwa walikuwa watu 10, na wote 10 walikufa. Ni 2 tu waliothibitishwa na maabara. Wale 8 waliingizwa kwenye orodha kwa dalili zao na kwa watu waliokuwa wamegusana nao. Ukifuata habari yao nyuma unafika Desemba. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa watu wale waliugua mahali fulani, wakauguzwa na mtu fulani, na mtu huyo akaona kitu asichokielewa. Simlaumu. Namfahamu. Nilikuwa yeye.

Ndiyo maana ninapokutana na vijana wa afya siwahubirii habari za kompyuta, wanazijua kuliko mimi. Nawaambia jambo moja la kizee. Simu uliyopewa ina orodha ya magonjwa, na orodha ni nzuri, lakini kila orodha iliandikwa na mtu aliyejua magonjwa ya jana. Mgonjwa wako wa leo anaweza kuwa hayumo. Basi muulize ugonjwa huo kwao wanauitaje. Muulize ametoka wapi, amelala kwa nani, na amesikia wapi kwingine kuna watu wanaoumwa kama yeye. Watu wetu ni wafuatiliaji wakubwa wa magonjwa kuliko tunavyowapa heshima. Mchuuzi wa samaki, utingo wa lori, mama anayevuka mpaka wa Mutukula kila gulio, hao husoma mwenendo wa ugonjwa katika nchi mbili kabla ya wizara za nchi hizo kupeana simu.

Na wewe msomaji usiye na koti jeupe, kazi hii ni yako pia. Ukiona kijijini au mtaani kwako watu wanaugua au kufa kwa namna moja, mfululizo, usingoje mpaka uwe na hakika. Mwambie mhudumu wa afya wa karibu. Kwa Tanzania, piga 199, ni bure. Ukikosea, umepoteza dakika tatu. Na kama umesikia kwamba ng'ambo ya mto au ziwa nako kuna ugonjwa huohuo, hilo ndilo neno la kwanza la kusema.

Kwa kijana aliyekaa leo kwenye meza niliyokaa mimi, katika zahanati ya mpakani yenye benchi tupu na mzee mmoja asiyetaka kuondoka: msikilize mpaka amalize, kisha andika alichosema. Ile safu ya mwisho usiiache tupu.